Je, wajua kwa nini visima vya Makutupora huvuta wasomi wa fani nyingi?

Kwa miaka mingi mji wa Dodoma umetegemea visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Mvua ya huku ni haba, wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Sasa visima hivyo hujazwa na nini, ikiwa jua hukausha udongo siku chache tu baada ya mvua?

Mwanajiolojia atakuonyesha maji yanapokaa: ndani ya miamba ya matale (graniti) iliyochakaa na kupasuka. Yaliingia lini? Hilo linataka daftari la vipimo, na hapo Makutupora ni tajiri. Tangu miaka ya 1950 watumishi wa maji wamekuwa wakipima kina cha maji visimani na kuandika. Ni kazi isiyompa mtu jina, lakini bila hiyo hakuna profesa ambaye angekuwa na la kusema.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Wizara ya Maji na University College London, wakiwa na wenzao, walichapisha uchambuzi wa vipimo vya miaka 55. Walivilinganisha na kumbukumbu za mvua, wakaona jambo la ajabu: misimu mingi ya kawaida haikuongeza kitu. Maji yalishuka mwaka hadi mwaka, kisha yakapanda kwa mkupuo katika misimu michache ya mvua kubwa. Mkupuo mkubwa kuliko yote ulikuja na El Niño ya 1997/98.

Mvua ndogo huishia kwenye udongo mkavu na mizizi, au hugeuka mvuke. Mvua kubwa hujaza makorongo. Mto Kinyasungwe Mdogo, ambao kiangazi huwa mchanga mtupu, hutiririka, na maji huzama kupitia mchanga huo hadi kwenye miamba.

Ndiyo maana swali la kisima linamhitaji pia mtaalamu wa hali ya hewa, kwa sababu ya El Niño, na mwanatakwimu, kwa sababu matukio yenyewe ni machache. Mwanasosholojia naye ana lake zito: maji yakipungua, nani atangulie, mfugaji, mkulima, au mji uliopanuka tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016? Ningependa sana kuona wanafunzi wa ndaki zote za Chuo Kikuu cha Dodoma wakipelekwa Makutupora pamoja, basi moja, wafundishwe na mpimaji wa visima kabla ya mhadhiri.

Hesabu inayowasubiri ni ngumu kweli. Maji yaliyoingia msimu mmoja wa gharika lazima yatoshe hadi gharika nyingine, na hakuna ajuaye itachukua miaka mingapi. Kiasi cha kuvuta, basi, hakiwezi kupangwa kwa kutazama mvua ya mwaka huu pekee.