Mwanagenzi si saidia fundi

Wengi wanaamini kwamba "mwanagenzi" ni jina la heshima la saidia fundi. Si ajabu: kwenye saiti wote wawili wanachafuka kwa saruji ileile, na wote wanamwita mtu mmoja "fundi".

Lakini saidia fundi amekuja kufanya kazi. Anakoroga zege, anabeba karai, jioni anadai ujira wake. Mwanagenzi amekuja kujifunza. Karai atabeba pia, tena sana, ila kuna saa atapewa mwiko na timazi (kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta), apange kozi, yaani safu, mbili za tofali, kisha fundi abomoe na kumwambia arudie. (Wapo wanaoitwa wanagenzi mwaka mzima bila kuushika mwiko. Hao, kwa maoni yangu, ni vibarua.)

Fungua kamusi: mwanagenzi ni anayejifunza kazi, na pia asiye na uzoefu, ndiyo maana hata mwandishi chipukizi huitwa hivyo. Mtarajali (intern), anayechanganywa naye pia, ni mwingine. Kwa kawaida amekwisha kuhitimu, anatafuta uzoefu.

Ukipewa nafasi ya uanagenzi, uliza: nani atanifundisha, stadi zipi, kwa muda gani?