Dansi ya majaribio ni nini hasa, na kwa nini sio "fanya unachotaka"

Watu wengi wakisikia kundi la dansi linasema lipo kwenye majaribio wanajua hapo hamna kitu, wamejifungia ukumbini kila mtu anajirusha anavyojua halafu jioni wanaita sanaa. Mi naona ni kinyume kabisa, na ukishaelewa kwa nini ni kinyume basi dhana yenyewe umeshaimaliza karibu yote.

Kwa kifupi dansi ya majaribio ni kutengeneza onyesho bila kuwa na onyesho kichwani kabla ya kuanza. Kwenye dansi tuliyoizoea mwalimu anakuja na stepu zake, anahesabu, nyie mnafuata, ukikosea unarudia. Huku mnakuja na swali au sharti, mnaliingia wote kwa pamoja, mnaona linazaa nini, mnabakiza kinachofaa na kutupa kingine. Sharti ndo mpango mzima. Kwa mfano leo hakuna kutumia mikono, au dakika tano nzima usitoke kwenye hiyo mita moja uliyosimama. Sasa huo uhuru uko wapi? Ni kujibana makusudi, maana mwili ukiachiwa unarudi kwenye yale yale, mtu wa rumba hata umwambie afanye chochote atakata kiuno tu, ila mnyime kiuno uone atakavyoanza kutafuta.

Mfano ambao kila mtu wa fani hii anaurudia ni wa New York. Mwaka 1960 mwanamuziki anaitwa Robert Dunn alianza darasa la utunzi wa dansi kwenye studio ya mtunzi wa dansi Merce Cunningham. Dunn alikuwa amesoma kwa John Cage, yule mtunzi aliyekuwa anarusha sarafu ili sarafu iamue noti gani ifuate, na Cunningham naye alikuwa anafanya hivyo hivyo kwenye miondoko. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wachache sana, wakiwemo Simone Forti, Steve Paxton na Yvonne Rainer, baadaye akaja Trisha Brown na wengine. Kilichonivutia mimi sio sarafu, ni namna walivyokuwa wakijadili kazi. Mtu akimaliza kuonyesha, Dunn haulizi kama ni nzuri au mbaya, anauliza umeitengenezaje. Inaonekana jambo dogo lakini jaribu siku moja kwenye mazoezi yenu, watu wanaacha kujitetea wanaanza kuongea kazi.

Wakataka kuonyesha walichonacho, wakakwama kwenye usaili wa sehemu moja, wakaenda kuomba kanisa, na kanisa likakubali! Judson Memorial Church, pale Washington Square, tarehe 6 Julai 1962, kiingilio bure, onyesho la masaa matatu hivi. Baada ya hapo wakawa wanakutana kila wiki, wachoraji na wanamuziki nao ndani, wengine hawajawahi kusomea dansi kabisa, na mambo ya kundi wanaamua kwa kukubaliana. Humo ndo kutembea kwa kawaida kukaingia jukwaani kama dansi. Paxton mwaka 1967 alitoa kazi ambayo kundi kubwa la watu linatembea, linasimama, linakaa kwenye viti, basi. Ukiiona unaweza kucheka, lakini kila mtu pale alikuwa na maelekezo yake yameandikwa.

Sasa hili la "pamoja" nalo linachanganya watu, wanadhani maana yake hakuna mkubwa. Inategemea. Mtunzi wa dansi Pina Bausch kule Wuppertal, Ujerumani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa anawauliza wachezaji wake maswali, mengi sana, na wao wanajibu kwa maneno au kwa mwili au kwa kaigizo kafupi, yeye anaandika, halafu sehemu kubwa ya majibu inatupwa. Malighafi ni ya wachezaji, maisha yao kabisa, ila anayechagua na kupanga ni yeye na jina la mtunzi ni lake. Sisemi alikosea, kazi zake ni nzito na mtu mmoja mwenye jicho anasaidia mno, ila kama mnaanza kundi hilo swali la nani anaamua mwisho, na jina la nani litaandikwa kwenye bango, liongeeni mapema kabla hata ya kutafuta ukumbi.

Na usidhani ni mambo ya huko tu. Nairobi mwaka 1997 Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen walianzisha kundi la Gàara, watu watatu wenye mafunzo tofauti wakitunga pamoja. Linyekula alirudi Kongo, 2001 akaanzisha Studios Kabako, Kinshasa kwanza halafu Kisangani, na pale dansi, tamthilia, muziki na video vinakaa nyumba moja.

Ila kwangu mfano safi zaidi unabaki ni ule wa Paxton mwaka 1972. Januari akiwa chuo cha Oberlin kule Ohio alichukua wanaume kadhaa, wanafunzi, akawaweka kwenye magodoro ya mieleka, wakawa wanagongana, wanaanguka, wanabebana, na mwisho wanasimama tu kimya wakisikilizia jinsi mwili unavyoyumba wenyewe ili usidondoke. Yeye alikuwa amesoma aikido, mchezo wa kujihami wa Kijapani, kwa hiyo suala la kuanguka bila kuumia lilikuwa swali lake la kweli. Kutokea hapo ikaja kontakti improvizesheni, watu wawili wanagusana na kupeana uzito, mguso ndo unaongoza, hakuna stepu ya kukariri. Ikasambaa haraka, na wengine wakaanza kuifundisha bila kuijua, ikaleta hofu ya watu kuumizana. Waanzilishi wakafikiria kulisajili jina lake ili afundishe aliyeruhusiwa tu, wakaona watageuka polisi, wakaachana na usajili na mwaka 1975 wakaanzisha jarida dogo ili kila anayeijaribu aandike alichokikuta.