Lenzi ya kugandishwa kwa leza: maana yake

Fundi wa vito wa Arusha huibandika tanzanaiti kwenye kijiti, akaisaga kwenye sahani inayozunguka mpaka ipate umbo. Lenzi yenye upana wa mikromita 80, karibu sawa na unene wa unywele, haishikiki hivyo. Badala ya kuchongwa, hugandishwa kwa leza palepale itakapokaa.

Malighafi ni tone la resini, juu ya kipande cha kioo, linaloganda kwa mwanga wa urujuanimno. Cha ajabu, leza inayotumika mara nyingi ni ya nanomita 780, mwanga unaopenya resini hiyo bila kuigusa. Resini huganda pale tu molekuli inapomeza fotoni (chembe za mwanga) mbili kwa mpigo, na hilo hutokea kwenye fokasi, mwanga ulikobanana. Ukali wa mwanga ukipungua nusu, uwezekano huo hushuka hadi robo, kwa hiyo pembeni hakugandi kitu. Mapigo ya leza ni mafupi mno, kama femtosekunde 100 kila moja (femtosekunde ni sekunde moja ikigawanywa mara milioni bilioni). Kinachoganda ni punje isiyofika mikromita moja kwa upana, ndefu kidogo kama mchele uliosimamishwa.

Tuchukue lenzi bapa upande mmoja, mgongo wake ukiwa na nusu-kipenyo cha mikromita 50. Kwa upana ule wa 80, kimo ni 20. Resini ikipinda mwanga kwa kiwango cha 1.5, umbali wa fokasi ya lenzi ni 50 ÷ (1.5 − 1), yaani mikromita 100. Lenzi hujengwa kwa zile punje, tabaka juu ya tabaka. Tabaka zikiwa za mikromita 0.1, unahitaji 200.

Tabaka la kwanza lianzie ndani kidogo ya uso wa kioo. Likianzia juu yake, lenzi haishiki, na ukiosha resini isiyoganda, lenzi nayo inaondoka na dawa ya kuoshea. Nguvu ya leza ikizidi, resini huchemka na kuacha vipovu. Ikipungua, lenzi hutoka laini na kusinyaa. Dirisha nalo lizibwe na taa ziwe za njano, maana jua la mchana hugandisha tone zima.

Umeme ukikatika kwenye tabaka la 140, usiendeleze. Huwezi kurudisha fokasi mahali pake kwa usahihi unaotakiwa, na mshono utakaobaki utatawanya mwanga. Osha kioo, weka tone jipya.