Kabla ya kidato cha tano: wanayoyasema kuhusu Historia ya dunia na jinsi mambo yalivyo

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, Kigoma huingia msimu wa ushauri. Kaka aliyesoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) enzi zile anageuka mtaalamu, dada wa jirani aliyemaliza HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) naye ana yake, na kijana anayesubiri kupangiwa shule anayameza yote. Kuanzia hapo hadi Julai, vidato vya tano vinapofunguliwa, ipo miezi ya kutosha kujiandaa vizuri, na ya kutosha pia kupotea. Vijana kadhaa wa Ujiji na Mwanga huja kwangu kipindi hicho tusome Historia pamoja, na hizi ndizo dhana wanazonijia nazo.

"Historia ya dunia ni habari za Ulaya, sisi hatumo"

Hii ndiyo inayoharibu wengi, kwa hiyo nitaikalia. Mwanafunzi anafungua mada ya kukua kwa ubepari, anakutana na Manchester na Massachusetts, anafunga daftari. Hajui kwamba mada hiyo ilishafika kwao kwa meli.

Meli yenyewe ni Liemba, ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha, ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikapanda treni. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mafundi wakaiunganisha upya hapahapa ziwani, na mwaka 1915 ikashushwa majini. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, lakini kwanza wakaipaka mitambo grisi isile kutu. Ni dhahiri walitarajia kurudi. Waliokuja kuiibua mwaka 1924 ni Waingereza, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua.

Sasa uliza maswali ya kidato cha tano. Kwa nini nchi ya Ulaya ihangaike kuvusha meli nzima bara zima? Kwa sababu ng'ambo ya pili ilikuwa Kongo ya Wabelgiji, na aliyelishika ziwa ndiye aliyelinda ubavu wa magharibi wa koloni. Kwa nini reli ilazimishwe kufika hapa? Ili mali ya bara, na ya Kongo ikiwezekana, iteremkie Dar es Salaam. Kiwanda cha kuunda meli ya chuma kilitoka wapi? Hapo umeshagusa mapinduzi ya viwanda, ubeberu na Vita vya Kwanza vya Dunia, na bado hujatoka bandarini.

Rudi nyuma kidogo. Kabla ya Wajerumani, njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Moja ya bidhaa zake kuu ilikuwa merikani, kile kitambaa cheupe cha pamba. Pamba yake ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, wafanyabiashara wa bandari ya Salem wakaileta nguo Zanzibar, na wapagazi wa Kinyamwezi wakaibeba mabegani hadi huku. Pembe za ndovu zilikwenda kinyume chake, na sehemu yake ilifika Connecticut kutengenezewa vibao vya piano. Marekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, biashara ya merikani Zanzibar ilishuka na nguo za kwingine zikachukua nafasi. Huwa nawapa vijana zoezi moja tu juu ya hili: andika aya inayoanzia shamba la pamba na kuishia soko la Ujiji, bila kuruka hatua. Wengi huandika mara tatu kabla haijakaa sawa, na mara ya tatu huwa wameanza kuelewa ubepari ni nini.

"Ukikariri miaka umemaliza"

Miaka lazima uijue, sibishi. Lakini swali la kidato cha sita halikuulizi lini, linakuuliza kwa nini na kwa kiasi gani. Chukua Sarajevo, 28 Juni 1914. Atakayeandika kwamba Vita vya Kwanza vilitokea kwa sababu Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, aliuawa, akaishia hapo, amesimulia tukio. Mwenzake atajiuliza hivi: mataifa yaleyale yaligombana kuhusu Morocco mwaka 1905 na 1911, Bosnia ikaleta mtafaruku mwaka 1908, nchi za Balkani zikapigana mwaka 1912 na 1913, na bado Ulaya nzima haikuwaka. Mbona 1914 iliwaka? Anayejibu hilo atalazimika kupima mikataba ya kijeshi, mashindano ya silaha, utaifa wa Balkani na maamuzi ya wiki zile chache za Julai. Hiyo ndiyo insha.

Hata tarehe zenyewe zina mitego. Kila mtu anajua vita vilikoma 11 Novemba 1918. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani aliyekuwa akipigana huku kwetu, alisalimisha silaha 25 Novemba kule Abercorn, leo Mbala, nchini Zambia, si mbali na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Habari zilichelewa kumfikia.

"Mipaka yetu ilichorwa Berlin"

Inasemwa kwa uhakika mkubwa, hata na watu wazima. Mkutano wa Berlin, Novemba 1884 hadi Februari 1885, ulijadili hasa uhuru wa biashara na usafiri katika Kongo na Niger, na masharti ya nchi kudai maeneo mapya ya pwani. Hakuna mtawala wa Kiafrika aliyealikwa, hilo ni kweli na ni zito. Ila mistari mingi tunayoiona kwenye ramani ilitokana na mapatano ya nchi mbilimbili baadaye, kama yale ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 na 1890.

Na mpaka wetu na Burundi pale Manyovu je? Rwanda na Burundi zilikuwa ndani ya koloni moja na sisi, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Zilitengwa baada ya Vita vya Kwanza, zikakabidhiwa Ubelgiji, nasi tukawa chini ya Uingereza. Kigoma yenyewe ilikaliwa na Wabelgiji tangu 1916 hadi 1921. Mtahiniwa anayeitupia Berlin kila kitu hawezi kueleza hayo.

"Vita Baridi havikuwa na risasi"

Labda kati ya Washington na Moscow. Ng'ambo ya ziwa, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa Katanga Januari 1961, na Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na Wakuba wenzake kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo. Novemba mwaka uleule alirudi Kigoma, mikono mitupu.

"Bila prifomu faivu ya Mwanza au Dar, umeachwa"

Kozi hizo za kujiandaa kabla ya kidato cha tano zina faida kwa anayeimudu gharama, hasa kama nyumbani hakukaliki. Lakini nyingi ninazozijua ni za kugawa madesa ya kukariri, na madesa hayo utayapata bure shuleni wiki ya kwanza. Afadhali nauli hiyo inunue madaftari na bando.

Kwa bando, pakua vitu viwili. Kwanza silabasi ya sasa kutoka Taasisi ya Elimu Tanzania, maana mitaala imebadilishwa miaka ya karibuni na daftari la kaka linaweza kukupeleka kusiko. Taasisi hiyo ina pia maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada bila malipo. Pili, taarifa za Baraza la Mitihani zinazochambua majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Sijui kwa nini watu hawazisomi. Zinaonyesha mtu alivyokosa: hakuelewa swali linataka nini, ameorodhesha hoja bila kuzieleza, Kiingereza kimemwangusha.

Hilo la mwisho lisidharauliwe. Mtihani ni wa insha na ni kwa Kiingereza, wakati sisi tunabishana kuhusu Bismarck kwa Kiswahili na Kiha. Basi bishaneni hivyo hivyo mpaka hoja ieleweke, kisha kila mtu aiandike kwa Kiingereza ukurasa mmoja, kwa sentensi fupi, mara moja kwa wiki. Mpe aliyemaliza kidato cha sita aisome na aikosoe bila huruma. Ukurasa uliokosolewa hivyo una faida kuliko sura nzima iliyopigiwa mistari.

"Nisubiri kwanza nijue nimepangiwa tahasusi gani"

Ukiwa unaelekea masomo ya sanaa, hakuna sababu. Uliomba HGL, majina yakatoka uko HKL: Jiografia imetoka, Kiswahili kimeingia, Historia iko palepale.