Je, wajua kwa nini supu ya kuku wa kienyeji huganda?

Ilaze supu ya kuku wa kienyeji kwenye sufuria usiku mmoja wa Juni pale Uyole, Makambako au Makete, kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na asubuhi haitamwagika. Ukiinamisha sufuria inasogea yote kwa pamoja, inatetemeka, kisha inarudi mahali pake. Supu hiyohiyo ikilazwa jikoni Dar es Salaam itaamka ikiwa majimaji vilevile.

Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni kwamba hayo ni mafuta. Kuku alinona, wanasema, na mwenye presha anashauriwa asiiguse. Jibu hili lina kaukweli kadogo, ndiyo maana halifi: mafuta ya kuku nayo huganda kwenye baridi, tena kwenye sufuria ileile na usiku uleule. Lakini chukua kijiko uangalie vizuri. Juu kabisa kuna utando mwembamba wa njano, laini, unaokwanguka kirahisi. Hayo ndiyo mafuta; ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. Chini ya utando huo, hadi kwenye kitako cha sufuria, kuna kitu kingine kabisa: cha kahawia hafifu, kinang'aa, na mwanga unapita ndani yake. Kwangua mafuta yote uyaweke pembeni (yanafaa kukaangia mboga), na kilichobaki bado kimeganda. Weka kipande kiganjani. Kinayeyuka polepole, na vidole vinaanza kunata badala ya kuteleza. Ndiyo hali ileile ya midomo kunatana baada ya bakuli la supu nzito. Mafuta hayafanyi hivyo.

Tena kuku anayeparura uwanjani kutwa nzima kwa kawaida ana mafuta machache kuliko broila aliyekaa bandani akilishwa. Kuganda kungekuwa kazi ya mafuta, supu ya broila ndiyo ingeongoza.

Kinachoganda ni protini iitwayo gelatini, na la ajabu ni kwamba kuku mzima, akiwa hai, hana gelatini mwilini. Inazaliwa jikoni.

Alichonacho kuku ni kolajeni, iliyojaa kwenye ngozi, kano, gegedu, mifupa na tando zinazoshikanisha misuli. Miguu yake, ile inayouzwa kwa bei ya chini, ina nyama kidogo mno. Karibu yote ni vitu hivyo. Kolajeni imeundwa kwa namna ya kamba ya katani: nyuzi tatu zimesokotwa pamoja kwa nguvu, wala haziyeyuki kwenye maji ya baridi. Maji yakipata moto, msokoto unaanza kulegea. Kwanza kamba inajikunja na kufupika, na ndipo unapoona ngozi ya kuku ikisinyaa dakika za mwanzo. Ukiendelea kuchemsha, nyuzi zinaachana na kuingia kwenye supu, kila moja kivyake. Hizo ndizo gelatini. Supu ikiwa ya moto zinaogelea huku na huku bila kushikana. Ikipoa zinajaribu kujisokota tena, ila kila uzi unamshika jirani yeyote aliye karibu, hapa kidogo, pale kidogo. Haipatikani tena kamba, linapatikana furushi la katani iliyovurugika, na maji yananaswa katikati yake. Gramu moja au mbili za gelatini kwa kila mililita 100 zinatosha kuisimamisha supu ambayo karibu yote ni maji.

Vishikizo hivyo ni dhaifu. Vikishafungana, vinafumuka kwenye nyuzijoto 30 hadi 35 hivi, ndiyo maana kipande kilichoganda huyeyuka mdomoni. Ili vifungane tangu mwanzo, supu ya nyumbani, ambayo gelatini yake si nyingi, inahitaji baridi ya chini ya nyuzi 20 hivi. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai hushuka hata chini ya nyuzi 10. Pwani hawana bahati hiyo bila friji.

Mwinuko una la kufanya pia wakati wa kupika. Kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo kolajeni inafumuka taratibu zaidi na kuku mgumu anadai muda mrefu zaidi jikoni. Umri nao una sehemu yake: kadiri kuku anavyokua, kamba zake huongezewa vifungo vinavyoziunganisha, na kuvikata si kazi ya nusu saa. Broila anayechinjwa akiwa na wiki tano au sita bado hana vifungo vingi. Analainika upesi, mpishi anaepua, na mifupa haijapata muda wa kutoa chochote cha maana. Kwa hiyo siri ni umri na muda wa kuchemsha, si ukoo. Kuku wa mayai aliyemaliza kutaga, wa kisasa kabisa, hutoa supu inayoganda vizuri tu. Hata miguu ya broila ikichemshwa saa tatu itaganda.

Halafu kuna kosa la pili, ambalo nadhani lina madhara kuliko la kwanza. Watu wakiona supu nzito huamini nguvu yote ya kuku imehamia humo. Mzazi au mtoto mgonjwa anapewa supu, nyama inagawiwa wengine. Lakini gramu 100 za kidari kilichopikwa bila ngozi zina protini gramu 31 hivi, na paja gramu 25 hivi, wakati kikombe cha supu nzuri kina gramu 6 hivi, na sehemu kubwa yake ni gelatini. Madini ya chuma kwa kiasi kikubwa yamebaki kwenye nyama, na hasa kwenye ini, lenye miligramu 9 hadi 11 hivi kwa gramu 100. Mifupa ikichemshwa kwa maji matupu hutoa kalsiamu kidogo mno. Kinachohamia kweli ni chumvi, potasiamu na sehemu ya vitamini za kundi B, kwa hiyo kuimwaga supu ni hasara.

Gelatini yenyewe ina pengo: haina triptofani, mojawapo ya asidi amino (vijenzi vya protini) ambayo mwili hauwezi kuitengeneza. Mahindi nayo ni maskini wa triptofani, na Nyanda za Juu Kusini ugali ndio chakula. Tonge lililochovywa kwenye supu tupu linashuka vizuri, ila kilichopungua kwenye ugali hakiletwi na supu. Kipande cha nyama, yai au maharage hukileta.

Je, supu hutibu mafua? Mwaka 2000 watafiti wa Nebraska, Marekani, walionyesha kwamba supu ya kuku ilipunguza mwendo wa aina fulani ya chembe nyeupe za damu zinazohusika na uvimbe. Hilo lilionekana kwenye vyombo vya maabara, si kwa wagonjwa. Umoto, maji na chumvi vinamsaidia mtu asiye na hamu ya kula. Zaidi ya hapo ushahidi ni mwembamba. Kuhusu supu ya miguu kujenga magoti, tumbo huikatakata gelatini vipande vidogo kabla haijaingia kwenye damu, na hakuna kinachovilazimisha vipande hivyo viende kwenye goti.

Wengine huamini pia kwamba supu iliyoganda haiharibiki. Bakteria hawakubaliani. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Robert Koch, daktari wa Ujerumani, aliwaotesha juu ya gelatini iliyochanganywa na mchuzi wa nyama, kwa sababu walistawi humo. Kilichomsumbua ni kwamba gelatini iliyeyuka kwenye joto la mwili, na baadhi ya bakteria waliimeng'enya kabisa. Baridi ya Makete huwachelewesha tu, kwa hiyo supu iliyolala ichemshwe hadi itokote dakika kadhaa kabla ya kunywewa.