Chaja za Vipakatalishi: Kabla Hujanunua Nyingine, Soma Lebo

Vyuo vinapofunguliwa, malalamiko kuhusu chaja za vipakatalishi huongezeka kwenye dawati letu la vifaa vya kielektroniki, na muhula huu yamezidi. Maelezo huwa karibu yale yale. Mtu amenunua mashine iliyotumika ng'ambo, ile inayoitwa ex-UK, iwe HP EliteBook, Dell Latitude au Lenovo ThinkPad. Imekuja bila chaja, au na chaja ya kubahatisha. Wiki chache baadaye betri haijai, au mashine imekuwa ya polepole, au chaja inachemka hadi haishikiki. Anarudi Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya kielektroniki jijini Nairobi, anauziwa nyingine, na tatizo linabaki pale pale. Anapotufikia huwa ameshatumia fedha ambazo zingetosha kununua chaja halisi.

Hatuna shaka na nia ya wanaotujia, na wauzaji wengi nao hawakusudii kumdhuru mtu. Ila tukizipima chaja zinazoletwa kama mbovu, nyingi tunazikuta nzima. Kosa huwa kwenye plagi, kwenye mipangilio ya mashine, au chaja yenyewe ilitengenezewa mashine nyingine.

Anzia ukutani

Plagi yetu ya pini tatu bapa, ya kiwango cha BS 1363, ina fyuzi ndani. Fyuzi hiyo ikikatika, chaja haitawaka hata iwe mpya. Fungua plagi, toa fyuzi, weka nyingine ya kiwango kile kile. Waya wa chaja ya kipakatalishi kwa kawaida huhitaji fyuzi ya ampea 3 au 5. Wengi huweka ya 13 kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, kisha hushangaa waya mwembamba ukiungua huku fyuzi ikiwa salama. Fyuzi iko pale kuulinda waya huo. Ukiweka iliyozidi kiwango, umeuondolea ulinzi.

Kuna jambo jingine ambalo tumelisema redioni, kwenye mabango na shuleni, na bado tunaliona kila siku. Chaja nyingi zinazoagizwa mtandaoni huja na plagi ya pini mbili za duara. Soketi zetu zina vifuniko vya ndani vinavyofunguka tu pini ya juu ya ardhi inapoingia. Watu huchukua kalamu, huisukuma kwenye tundu la juu, na kuipachika plagi ya pini mbili kwa nguvu. Tafadhali acheni. Plagi hiyo haishiki sawasawa, cheche hutokea ndani, plastiki ya soketi huyeyuka, na vifuniko hubaki wazi mahali ambapo mtoto anaweza kuingiza msumari. Kama kasha la chaja lina tundu la kebo ya matundu matatu, nunua kebo yenye plagi yetu na uiachie chaja ile ile. Kebo hiyo hutoka na kuingia bila fundi.

Baadhi ya walalamishi husema mashine yao ya chuma "inawauma" kidogo wanapoigusa ikiwa kwenye stima. Mara nyingi chanzo ni waya wa ardhi kukosekana: plagi ya pini mbili, ekstensheni isiyo na ardhi, au nyumba iliyowekwa stima bila ardhi. Chaja nzima huvujisha mkondo mdogo sana ambao ungeshuka ardhini. Mkondo huo usipopata njia hiyo, utapita kwako. Ikiwa umerekebisha ardhi na bado unahisi mshtuko, chomoa chaja na usiitumie tena. Hapo hatubishani na mtu.

Taa ya chaja

Ikiwa kasha lina taa, chomeka chaja ukutani bila kuiunganisha na mashine. Taa isipowaka, na soketi, fyuzi na kebo ni salama, chaja imekufa. Ikiwaka kisha ikazimika au kuanza kumetameta mara tu unapoichomeka kwenye mashine, chaja inajilinda. Kuna nyaya zinazogusana kwenye tundu la kuchajia au ndani ya mashine. Chomoa ukutani, subiri dakika chache ijiweke sawa, kisha ujaribu tena. Ikirudia, mpelekee fundi mashine, chaja ibaki nyumbani. Kununua chaja mpya hapo ni kutupa fedha.

Taa ikiwaka vizuri lakini mashine haipokei, tingisha waya taratibu pale unapoingia kwenye kasha na pale unapoingia kwenye kichwa. Hapo ndipo nyaya hukatika ndani, hasa kwa wanaouzungusha waya kwa kuukaza kwenye kasha kila jioni.

Aliye na multimita, yaani kifaa cha kupimia stima, na anayejua kuitumia aipime chaja. Weka kipimo cha volti za mkondo mnyoofu (DC) kwenye 200. Ukiweka kwenye 20, chaja ya volti 20 inaweza kupita ukomo na mita ikakuonyesha "1" tu. Volti sahihi bila mzigo hazithibitishi kwamba chaja ni nzima, kwa sababu zinaweza kuporomoka mashine inapoanza kuvuta. Asiye na multimita aazime chaja yenye lebo inayolingana na ya mashine yake.

Kasha la chaja lisifunguliwe. Stima ya volti 240 ikishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu ndani ya chaja huwa takribani volti 340, na kapasita, kijenzi kinachohifadhi chaji, inaweza kuendelea kushika chaji hiyo hata baada ya kuchomoa ukutani.

Lebo

Nyuma ya kasha kuna mistari miwili muhimu. INPUT, yaani stima inayoingia, isome 100–240V. Chaja nyingi za kisasa husoma hivyo, kwa hiyo hoja ya "hii ni ya Marekani, itaungua hapa" haina msingi kwa chaja ya namna hiyo. OUTPUT, yaani inayotoka, ndiyo ya kulinganisha. Mfano, 19.5V na 3.34A: zidisha, upate takribani wati 65. Lebo ya 20V na 3.25A nayo ni wati 65, na 19.5V na 4.62A ni wati 90.

Volti zilingane na zilizoandikwa chini ya mashine. Tofauti ya nusu volti, kama 19 na 19.5, kwa kawaida haileti madhara, lakini sisi kama taasisi tunashauri zilingane. Ampea ziwe sawa au zizidi. Narudia, zizidi. Dhana kwamba chaja ya wati 90 "itaisukumia" stima nyingi mashine ya wati 65 na kuiunguza ni potofu, na imewafanya watu wengi kukataa chaja nzuri na kuchukua dhaifu. Mashine huvuta kiasi inachohitaji. Chenye hatari ni kinyume chake: chaja ya wati 45 kwenye mashine inayotaka 90 hufanya kazi kupita uwezo wake saa zote, huchemka, kisha hufa.

Angalia pia mchoro mdogo wa duara unaoonyesha upande wa chanya. Kwenye vichwa vya duara vya vipakatalishi, chanya huwa karibu kila mara katikati, lakini chaja za ruta na televisheni zinaweza kuwa kinyume. Kichwa kuingia tunduni hakumaanishi chaja inafaa.

Sehemu inayowakanganya hata mafundi ni utambulisho. Dell, HP na Lenovo huweka njia ya mashine kuitambua chaja. Kwenye kichwa cha Dell cha duara, kile kipana cha milimita 7.4, kuna pini nyembamba ya katikati ambayo haibebi stima ya kuchajia. Inabeba taarifa kutoka kwenye chipu iliyo ndani ya chaja, inayoiambia mashine wati zilizopo. Pini hiyo ikipinda, waya wake ukikatika, au chaja ikiwa ya kuiga isiyo na chipu, mashine hutoa onyo inapowaka kwamba haiitambui chaja. Huendelea kufanya kazi, lakini betri haichajiwi na prosesa, ubongo wa kompyuta, hupunguzwa kasi. Hapo ndipo mtu husema kompyuta imeingia virusi, akalipia Windows kuwekwa upya, na hali isibadilike. Lenovo, kwenye kichwa chake bapa cha mstatili, hutumia rezista, kijenzi kidogo cha kuzuia mkondo, kwenye pini ya katikati kwa kazi hiyo hiyo.

Kwa hiyo mbele ya muuzaji usiridhike na taa ya kuchaji. Washa mashine, tazama kama kuna onyo, kisha subiri uone asilimia ya betri ikipanda huku mashine ikitumika. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo, mwache.

USB-C

Mashine mpya zinahamia huku. Umoja wa Ulaya umetaka vipakatalishi vinavyouzwa huko kuanzia 28 Aprili 2026 viweze kuchajiwa kwa USB-C, na kwa kuwa mashine nyingi za mitumba tunazonunua hutoka Uingereza na Ulaya, tutaziona kwa wingi madukani mwetu baada ya miaka michache.

Chaja ya USB-C hujadiliana na mashine kwanza: huanza na volti 5, kisha hupanda hadi 9, 15 au 20 zikikubaliana. Chaja ya simu isiyofika volti 20 mara nyingi haitachaji kipakatalishi, na hilo si hitilafu. Kebo nayo ina ukomo: ya kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kupita hapo unahitaji kebo ya ampea 5 yenye chipu yake. Watu hununua chaja ya wati 100, wakaitumia na kebo ya simu, kisha wakaja kuilalamikia chaja.

Chaja isipokuwa na kosa

Mashine ikisimama kwenye asilimia 60 au 80 na kuandika kwamba imechomekwa lakini haichaji, fungua kwanza programu ya mtengenezaji ya kutunza betri. Kampuni kadhaa huweka kikomo hicho ili betri idumu, na mwenye mashine wa kwanza huenda alikiwasha. Pia zima mashine, chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha uchomeke chaja peke yake. Mashine ikiwaka bila betri, betri ndiyo iliyochoka. Betri iliyovimba na kuinua kibodi isichajiwe hata dakika moja.

Ghushi, duni na mbadala

Haya ni mambo matatu, na kuyachanganya hupeleka malalamiko kwenye ofisi isiyohusika.

Chaja mbadala ni ya kampuni nyingine iliyoweka jina lake yenyewe; ni halali ikitimiza viwango. Chaja duni haitimizi viwango, iwe na jina lolote. Malalamiko yake ni ya Shirika la Ubora wa Bidhaa la Kenya, KEBS, ambalo tangu 2005 limekuwa na utaratibu wa bidhaa kukaguliwa katika nchi zinakotoka kabla ya kusafirishwa. Alama zake zinaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Herufi za CE kwenye kasha, ambazo ni alama ya viwango vya Ulaya, hazithibitishi lolote hapa. Mwigaji huzichapisha pamoja na jina la kampuni.

Chaja ghushi ni ile iliyobeba jina la HP, Dell au nyingine bila idhini. Hiyo huangukia Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya 2008. Anayepatikana na hatia mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja kwa kila bidhaa, au vyote viwili. Akirudia, kifungo hufika miaka 15 na faini haipungui mara tano. Kwa hesabu, mfanyabiashara mwenye chaja 40 ghushi, kila moja ikiwa na bei ya rejareja ya Sh2,500, hawezi kutozwa chini ya Sh300,000 akitozwa faini. Makosa hayo yanahusu kuwa nazo katika biashara, kuziuza, kuzitengeneza na kuziingiza nchini. Sheria imemwacha nje anayeingiza kwa matumizi yake binafsi ya nyumbani, kwa hiyo mwanafunzi aliyedanganywa asiogope kutoa taarifa. Lakini anayeagiza ishirini ili kuwauzia wenzake hosteli hana kinga hiyo.

Hatari yenyewe iko ndani ya kasha. Waigaji hubana nafasi kati ya upande wa volti 240 na upande unaokwenda kwenye mashine, huondoa fyuzi ya ndani na vichujio, na hupunguza shaba kwenye nyaya. Ndiyo sababu ghushi nyingi ni nyepesi kuliko halisi. Nafasi hiyo ikishindwa, stima ya ukutani inaweza kupita hadi kwenye mashine iliyo mapajani mwako.

Kuhusu yale maandishi ya chini ya risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, wananchi huyachukulia kama sheria. Si sheria. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 humchukulia muuzaji kuwa amedhamini ubora wa anachouza. Mrudie kwanza kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha, ukiambatisha picha ya lebo na ya risiti. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, si lazima uwe na wakili, na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu iwasilishwe.

Anayeleta chaja kwetu alete pamoja nayo kipakatalishi, kebo ya ukutani ile ile aliyokuwa akiitumia, na risiti. Chaja ambayo kasha lake limepasuliwa na fundi hatuwezi kuitolea ripoti, kwa sababu hatutajua kilichofanywa kiwandani na kilichofanywa kibandani.