Rautavaara na konserto ya ndege

Wanafunzi wangu wengi wa nadharia ya muziki huamini kwamba watunzi wa okestra wa karne ya 20 waliandika kwa ajili ya wataalamu wenzao tu. Huwa sibishani nao. Nawasikilizisha Cantus Arcticus ya Einojuhani Rautavaara wa Ufini, halafu tunazungumza.

Ni konserto ya mwaka 1972, ya kama dakika 18, na mbele ya okestra, mahali pa mpigaji wa pekee wa konserto, hasimami mpiga fidla wala mpiga piano. Wanaoimba mbele ni ndege. Sauti zao zilirekodiwa kwenye kanda karibu na Mzingo wa Aktiki na katika vinamasi vya Liminka, Ufini, naye Rautavaara akaiandikia okestra muziki wa kwenda nao. Chuo Kikuu cha Oulu ndicho kilichomwagiza kazi hiyo, kwa sherehe yake ya kwanza ya kutunuku shahada za udaktari.

Filimbi mbili ndizo zinazofungua, zikifuatana na kupishana. Mtunzi amewaandikia wapigaji wafikirie majira ya majani kupukutika, na wamfikirie Tchaikovsky, mtunzi wa Urusi. Ala nyingine za kupuliza zinajiunga, kisha ndege wa kinamasi, na kwa muda sikio linababaika: huyu ni ndege au ni filimbi? Ndipo nyuzi zinapoleta wimbo mpana, wa taratibu, unaobeba kelele zote hizo bila kuzinyamazisha.

Sehemu ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Sauti ya kipozamataza wa kaskazini imeshushwa oktavo mbili (oktavo ni umbali kutoka noti moja hadi noti ya jina lilelile iliyo juu au chini yake). Waliotumia kanda wanajua kanuni yake: punguza mwendo kwa nusu, sauti inashuka oktavo moja, punguza tena kwa nusu, inashuka ya pili. Mlio ambao ungetupita kwa kasi unafunguka, ndege mdogo anasikika kama kiumbe kikubwa tusichokijua. Okestra hapo haina haja ya kufanya mengi, na Rautavaara alikijua kiasi chake.

Mwisho kabisa wanakuja batamaji weupe wanaohama. Okestra imegawanywa makundi manne yasiyolazimika kwenda sambamba, sauti inajaa, kisha inafifia. Kondakta, yaani kiongozi wa okestra, ana kazi ngumu hapa, maana kanda haimsubiri mtu. Anayetaka kuidhibiti kila sekunde ataiua kazi hii.

Unyenyekevu wa namna hii mbele ya sauti haukuja kwa bahati. Rautavaara alizaliwa Helsinki mwaka 1928, baba yake akiwa mwimbaji wa opera. Wazazi wote wawili walifariki kabla hajawa mtu mzima, akalelewa na shangazi huko Turku. Requiem yake, yaani muziki wa kuwaombea wafu, ya mwaka 1953, ya ala za shaba na ngoma, aliiandika kwa kumbukumbu ya mama yake. Ndiyo iliyompa tuzo Cincinnati mwaka uliofuata. Mwaka 1955, Sibelius, mtunzi mashuhuri wa Ufini, alipotimiza miaka 90, taasisi ya muziki ya Koussevitzky ilimpa nafasi ya kumchagua kijana mmoja wa kwenda kusoma Marekani. Akamchagua Rautavaara, aliyekwenda Juilliard, shule ya muziki ya New York.

Baadaye aliingia kwenye serialismu, ambako noti 12 hupangwa safu na safu hiyo ndiyo inayoongoza utunzi. Katika Arabescata, simfonia yake ya nne ya mwaka 1962, hata urefu wa noti na nguvu yake vilifuata mpango. Kisha akaachana na ukali huo.

Wapo wanaosema alirudi nyuma. Mimi nakataa kabisa. Mtu aliyewahi kupanga kila noti kwa hesabu anajua pa kushika na pa kuachia, na ujuzi huo unasikika katika yale makundi manne ya Cantus Arcticus. Unasikika pia katika simfonia ya saba, Malaika wa Nuru, ya mwaka 1994, ambayo rekodi ya kondakta Leif Segerstam na Okestra ya Filamonia ya Helsinki iliipeleka mbali nje ya Ufini. Alifariki mwaka 2016, baada ya kufundisha utunzi kwa miaka mingi katika Akademia ya Sibelius.

Ukianza leo, anza na ile sehemu ya pili ya Cantus Arcticus, kwa spika nzuri na si ya simu. Sauti iliyoshushwa vile inahitaji besi ya kutosha. Simfonia ya saba ifuate siku nyingine, maana inadai utulivu wa dakika 40 hivi bila kukatizwa.